Kitunguu cha Mama Musonda

Wewe unayesoma, sogea upande wa dirisha. Ninayotaka kukusimulia yanahitaji mwanga, na kazi niliyoifanya miaka yangu yote ilianza kila asubuhi kwa swali moja: leo mwanga uko upande gani?

Nilikuwa mtu wa maabara katika hospitali moja ya wafanyakazi, Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati wa Wabelgiji. Chombo changu vitabu hukiita hadubini. Sisi tuliita mikroskope, na mke wangu aliita "kile kyuma yako", yaani chuma, kwa sauti ya mtu anayemtaja mke mwenza. Watu walileta damu, makohozi na vingine ambavyo sivitaji maana huenda unakula. Mimi niliangalia, nikasema nilichokiona, na daktari akaamua dawa.

Mikroskope yetu haikuwa na taa. Chini yake kulikuwa na kioo kidogo cha kugeuza, na kazi yako ilikuwa kukamata mwanga wa mbinguni na kuupandisha hadi kwenye jicho lako. Dirisha letu lilitazama kusini, ambako jua halipiti sehemu kubwa ya mwaka, kwa sababu jua lenyewe ukiliingiza kwenye lenzi litakuumiza jicho. Wingu jeupe ndilo taa bora. Mwezi wa sita, wakati wa baridi, anga huwa safi na kazi huenda vizuri. Wakati wa kuchoma majani mwanga unakuwa kama chai nyepesi, na hapo unajifunza kuvumilia.

Aliyenifundisha ni Baba Kalala, Mluba wa Kasai aliyekuja mjini kwa treni, mtu mfupi sana. Alikalia kasha la sabuni ili afikie jicho la mikroskope, na akiangalia alinong'ona nyimbo za kanisa. Siku yangu ya kwanza nilimwita kwa kelele. Nilikuwa nimeona mdudu mweusi, mrefu, aliyepinda kama mundu. Alikuja, akaangalia, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Kweli, mududu ya ajabu. Sasa ndugu, pepesa jicho."

Nikapepesa. Mdudu naye akapepesa. Ilikuwa kope yangu.

"Kila mutu anaanza na kope yake," akasema, akarudi kwenye kasha lake.

Hakunipa damu hata kidogo siku zile. Alinipa vitunguu. Kati ya tabaka mbili za kitunguu kuna ngozi laini, nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Unaivuta kwa kucha, unaitandaza juu ya kioo katika tone la maji, unaongeza tone la iyode, ile dawa ya kahawia ya vidonda, unafunika na kioo kidogo. Kisha unaona. Na unachokiona ni seli. Sisi tulisema selile, kwa Kifaransa.

Nitakueleza polepole, kama nilivyoelezwa. Mwili wa kila kitu kilicho hai, kitunguu, mbuzi, mimi na wewe, umejengwa kwa vyumba vidogo sana. Kila chumba ni seli. Kina utando unaokizunguka na kuchagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ndani kuna ute, na katika ute huo kazi zote za uhai zinafanyika. Karibu kila kimoja kina kiini, doa lililokolea rangi kuliko pengine, na humo ndimo maagizo ya chumba yanamokaa. Seli ya mmea, nje ya utando huo, ina ukuta mgumu pia. Ndiyo maana za kitunguu zimenyooka pembe kama matofali, na za shavu lako zimelegea kama vipande vya bukari, ugali wetu, vilivyoanguka mezani.

Za shavu nazo nilizizoea. Unakwaruza ndani ya shavu kwa njiti ya kiberiti, unapaka kwenye kioo, unatia rangi ya buluu. Mke wangu aliposikia alitua sufuria chini, akauliza kwa Kiswahili chetu cha Katanga, ambamo "njo" ni "ndio":

"Njo kusema siku muzima unaangalia mate?"

"Si mate. Ni selile za shavu."

"Shavu ya nani?"

"Yangu."

"Basi bakia nyumbani. Mi nitakuangalia shavu bila kyuma."

Sasa nikuambie maadui wawili wa kazi yetu, maana watarudi. Wa kwanza ni inzi. Damu iliyopakwa kwenye kioo lazima ikauke kabla ya kutiwa rangi, na inzi wanaipenda mno. Unageuka kidogo, unarudi, unakuta wamekula nusu ya mgonjwa wako. Wa pili alikuwa wa kwetu peke yetu: bomba refu la kiwanda cha kuyeyushia shaba. Upepo ukigeuka, moshi ulileta vumbi jembamba lililotua juu ya kila kitu, nguo kwenye kamba, mboga sokoni, vioo vyetu. Vumbi lile likipata rangi linakuwa vidoti vya zambarau, na kidoti cha zambarau juu ya damu kinafanana sana na mdudu wa malaria. Mgeni kutoka mji mwingine asingelifikiria kosa hilo. Baba Kalala aliliwekea dawa: "Usiulize iko na sura gani. Uliza iko ndani ao iko juu." Unageuza skurubu ndogo kwa ncha za vidole. Kama kidoti na seli vinasafika machoni pamoja, kiko ndani. Kama kimoja kinaonekana wakati kingine kimefifia, ni uchafu uliokaa juu.

Basi, msimu mmoja wa baridi alikuja Mama Musonda.

Alitoka Kilwa, kando ya ziwa Mweru, nyuma ya lori la samaki wakavu, kumfuata bwana wake aliyefanya kazi kiwandani. Alikuwa na binti, Musonda, wa umri wa kubeba chungu kidogo kichwani. Mtoto alikuwa na homa inayokuja na kuondoka, na alilala mchana, hata chakula kikiwa bado mdomoni. Daktari wetu Mzungu aliposikia "Kilwa" na aliposikia "analala", aliogopa malali, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Wakati ule dawa ya malali ilikuwa nzito, iliweza hata kuondoa macho ya mtu. Na aliyeonekana nayo alipelekwa kambi ya wagonjwa, mbali na kwao. Lakini kama ni malaria, dawa ya malali isingemsaidia kitu, na malaria haimngojei mtoto. Lazima tujue ni ipi. Na kujua ni kutoa damu.

Mama akakataa.

"Damu ya mutoto yangu hamutaikamata. Kule Kilwa tulisikia. Apa Elisabethville kuko batumbula. Banachukua damu ya bantu, banaiweka mu machupa, banakwenda kunywa."

Usicheke. Watu wazima wenye akili waliamini habari za batumbula, na walikuwa na sababu za kutoamini mambo mengi ya mji ule, mji wenye mtaa wa Wazungu na mtaa wa Weusi, na hospitali ya hawa na ya wale. Daktari hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Alimwambia Baba Kalala kwa Kifaransa kwamba king'ora cha mchana cha kiwandani kikilia kabla mama hajakubali, mlinzi atamshika mtoto na damu itatolewa kwa nguvu. Mama hakujua Kifaransa, lakini alimwona mlinzi amekuja kusimama karibu na mlango. Akamfunga mtoto mgongoni.

"Lori ya samaki inarudia leo mchana. Mi nakwenda zangu."

Nikaanza kumweleza. Nilikuwa na maneno mengi ya shule siku hizo. Alinitazama kama mtu anayeuziwa samaki aliyeoza. Baba Kalala akanigusa mkono.

"Ndugu, acha. Mutu mwenye woga usimupe maneno. Mupe kitu ya kuangalia." Kisha akamgeukia mama, akaonyesha kikapu chake. "Yambo, mama. Mu kitunga yako muko nini?"

"Matungulu. Na sombe." Yaani vitunguu na kisamvu.

"Nipe litungulu moja."

"Kumbe! Damu haikutoshe, unataka na mboga yangu?"

"Nakata kipande tu. Ingine utakwenda nayo kupika."

Akampa, nadhani kwa udadisi zaidi kuliko kwa imani. Baba Kalala alivuta ile ngozi, akaitandaza, akatia iyode, yote mbele ya macho yake, polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni kula chakula cha kwao. Akashuka kwenye kasha, mama akapanda, mtoto bado mgongoni. Akafumba jicho moja kwa kiganja.

"Hakuna kitu. Giza."

"Fungua macho yote mbili, mama. Moja inaangalia, ingine inapumuzika."

Akafungua. Akaondoa kiganja. Kisha:

"Yoo! Manyumba!"

"Sema yenye unaona."

"Iko kama kampi ya kiwanda! Manyumba mu mistari, moja na mwenzake. Na mu kila nyumba iko mutu moja, amelala."

Baba Kalala akanikonyeza. "Ule mutu anaitwa kiini. Yeye njo anatoa amri ya kazi yote ya nyumba."

"Kama bwana?"

"Kama bwana."

"Njo maana analala," akasema Mama Musonda, na hata mlinzi mlangoni akacheka.

Kisha akauliza swali ambalo wengine hawafiki kuliuliza mwaka mzima. "Litungulu iko na manyumba. Na mi je?"

Tukakwaruza mashavu mawili, la Baba Kalala na lake. Akaangalia la kwanza, akaangalia la pili, akarudia la kwanza.

"Ya Muluba wa Kasai na ya mutu wa Kilwa iko sawasawa?"

"Sawasawa."

"Na ya ule Muzungu?"

Baba Kalala akatazama mlango. "Mama, mi natumika kazi apa. Lakini nilishaiona. Na yeye iko vilevile."

Mama akashuka kwenye kasha. Uso wake haukuwa tena wa mtu anayekimbia, lakini haukuwa wa mtu aliyekubali.

"Na damu mukiisha kuiangalia, munaifanya nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake tangu mwanzo, na hakuna aliyekuwa amelijibu. Baba Kalala akachukua vioo vya asubuhi ile, bado na alama zake kavu, akamwekea mkononi.

"Angalia. Tone moja, kama kichwa ya njiti ya kiberiti. Mutumbula gani atashiba?"

"Na kisha?"

"Kisha tunaosha. Inakwenda na maji."

"Nani anaona kama munaosha?"

Hakuna aliyeona. Tuliosha jioni, watu wakiwa wamekwenda.

"Basi anza na damu yangu mi," akasema. "Kisha ya mutoto. Na mi nabakia apa mupaka naona kioo inaoshwa."

Akanyoosha kidole. Alipoangalia damu yake aliona visahani vingi, vimebonyea katikati. "Lakini apa mu manyumba hamuna mutu," akasema. Ni kweli. Baba Kalala akamweleza, nami nakueleza wewe: seli nyekundu za damu ya mtu zimeondoa viini vyake, zipate nafasi ya kubeba hewa tunayovuta. Akaridhika. Akamshusha Musonda, akamshika kidole yeye mwenyewe. Mtoto hakuamka hata alipochomwa.

Tone la kwanza tuliliangalia bichi. Mdudu wa malali ni mwogeleaji: akiwamo, anasukuma seli huku na huku hadi zinacheza. "Zinacheza?" akauliza Baba Kalala. "Zimetulia," nikajibu. Hakuridhika na jibu langu. Akapitisha kioo mwenyewe, mstari kwa mstari kama mtu anayelima, kisha akapapasa shingo ya mtoto kutafuta tezi zilizovimba. Hakuzikuta. "Iko dalili muzuri," akasema, "lakini bado hatujaona yenye inamusumbua."

Tone la pili tulilipaka. Jifunze hili: weka tone karibu na mwisho wa kioo, leta kioo cha pili kimeinama, kiguse damu, damu ienee kwenye ukingo, kisha sukuma mara moja bila woga. Ukisitasita inatoka mawimbi. Ukisukuma vizuri inaisha kama ulimi, na kwenye ncha ya ulimi seli zinakaa moja moja. Hapo ndipo pa kuangalia.

Kioo kikawekwa dirishani kikauke. Inzi wakaja. Mama Musonda akasimama juu yake kama kuku juu ya mayai, akipepea kitambaa chake. Na upepo nao ukageuka. Tukasikia harufu ya bomba kabla ya kuuona moshi. Baba Kalala alifungua mdomo kusema, lakini mama alikuwa amekwisha kutoa sahani yake ya bati kitungani, akafunika kioo, akaacha mwanya upande mmoja ili hewa ipite.

King'ora kikalia. Mlinzi akaingia na nyuma yake daktari. Mama hakugeuka hata kichwa.

"Mungoje. Kioo yangu haiyakauka."

Daktari aliniuliza anasema nini. Nikamtafsiria. Alimtazama yule mama, akatazama sahani, akavuta kasha la sabuni, akakaa, akangoja kama sisi.

Ilipotiwa rangi na kukauka tena, niliweka tone la mafuta na kushusha lenzi kubwa, nikiitazama kutoka ubavuni, maana anayeishusha akiwa ameweka jicho juu atavunja kioo. Nikatafuta ncha ya ulimi. Seli, seli, seli. Kisha pete. Pete nyembamba ya buluu na jiwe lake jekundu, ndogo kabisa. Hiyo ndiyo sura ya malaria, kama kweli iko ndani.

"Ndani ao juu?" akauliza Baba Kalala.

Nikageuza skurubu. Seli ikafifia, na pete ikafifia. Seli ikasafika, na pete ikasafika nayo.

"Ndani."

"Tafuta ingine."

Nikaipata nyingine, na nyingine tena. Baba Kalala akaangalia, daktari akaangalia, akasema "malaria" kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, akaagiza dawa ya kinini papo hapo. Mama akasukuma bega langu.

"Na mi."

Akakaa pale muda mrefu, macho yote mawili wazi.

"Kumbe sasa mu nyumba muko mutu."

"Mwizi," akasema Baba Kalala. "Aliingia mu nyumba yenye haina mwenyewe."

"Njo huyu analaza mutoto yangu?"

"Njo huyu."

Mama akasogeza mdomo karibu na mikroskope. "Mushenzi weye," akamwambia. "Kadogo hivi!"

Lori la samaki lilikuwa limekwisha kuondoka. Mama alimpa mtoto dawa, kisha akasimama karibu nami hadi nilipoosha vioo vyote kwa sabuni na maji. Akakiinua cha Musonda kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza pande zote mbili, akanirudishia.

"Aksanti," akasema, na hiyo ilikuwa ruhusa ya mimi kwenda kula.

Musonda alipona. Homa ilipopungua aliomba samaki, akalia alipopewa mkia. Muda si mrefu mama yake alirudi maabara na majirani wa kambi ya wafanyakazi, kila mmoja na kitunguu mkononi. "Tunataka kuona manyumba yetu," wakasema. Chumba kilinuka kama jikoni siku nzima.

Tangu hapo tulibadilisha kazi. Hatukuosha tena vioo jioni peke yetu. Mwenye damu akitaka alingoja, akaona, akaondoka. Ilituchelewesha, na daktari alinung'unika mara kwa mara. Wapo waliokimbia hata hivyo, na wapo watoto ambao hatukuwawahi, sitakudanganya. Lakini walianza kuja watu wa Kilwa, wameshuka tu kwenye lori na vumbi bado usoni, wakinyoosha kidole kabla hatujaomba, wakisema: "Nataka kuona zangu."

Leo mikroskope zina taa ndani na hazitegemei wingu. Nafurahi sana. Utaona mambo ambayo Baba Kalala na mimi hatukuyaota, ndani ya kile kiini kilichokuwa kwetu doa tu. Lakini anza pale pale.

Kata kitunguu. Vuta ngozi ya ndani, itandaze katika tone la maji, tia iyode, funika. Anza na lenzi ndogo. Acha macho yote mawili wazi. Ukishaona, mwite mtu wa nyumbani kwako anayeogopa hospitali, mpishe kiti, umwache aangalie hadi achoke. Kisha osha kioo mbele yake.